Kidimbwi cha Uani Kinataka Mwangalizi

Mtindo wa kuchimba kidimbwi uani, pamoja na kijito kinachoteremka juu ya mawe kama cha mlimani, umetoka mahotelini ukaingia majumbani. Wagonjwa huniuliza: "Daktari, hakitatuletea malaria?" Wenzangu wengi hujibu kwa neno moja, fukia. Mimi sikubaliani nao.

Maji yenye samaki si adui. Watafiti waliotia tilapia vidimbwini magharibi mwa Kenya, ambao matokeo yao yalichapishwa 2007, walikuta viluwiluwi vya mbu wa malaria vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 baada ya wiki 15. Adui ni kidimbwi kilichotelekezwa, samaki wakaliwa na korongo, nyasi zikaota kandokando. Msomaji anayekumbuka mabwawa yaliyochimbwa kwa fedha za serikali kuanzia 2009 anajua jinsi mengi yalivyoishia.

Hata hivyo, kijito kina hatari kuliko kidimbwi chenyewe. Mbu mkuu wa malaria hapendi maji ya kina kirefu. Hupenda kijidimbwi kidogo kilicho juani. Hata alama ya kwato za ng'ombe humtosha. Sasa fundi anapopanga mawe ili kijito kionekane cha asili, huacha vishimo katikati. Stima zikipotea, au bili ikikutisha ukazima pampu, maji hubaki humo, mahali ambapo samaki hafiki. Kwa joto la Kisumu au Mombasa, yai huwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hadi mbili.

Kwa hiyo mwambie fundi asakafie kijito chote kwa simiti na mteremko wa kutosha, maji yote yashuke kidimbwini pampu inapozimwa. Mjaribu kabla hujamlipa. Zima pampu, ngoja saa moja, kisha upite ukikagua jiwe kwa jiwe. Ukikuta maji yametuama, pesa zikae mfukoni.

Kadhalika usiokote magugu wala mawe mtoni ukayatia humo, kwani utabeba konokono wa kichocho. Gugumaji nalo liache, hata kama ua lake linapendeza. Ziwa Victoria limetufunza vya kutosha.

Msomaji wa Nairobi atasema kwao malaria ni haba. Ni kweli, mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini kuna jambo lisilojali mwinuko, nalo ni mtoto kufa maji. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaokufa maji kwa kiwango cha juu kuliko rika lolote. Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito. Akiinama kutazama samaki hutangulia kichwa, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kufunika pua na mdomo. Tena hapigi kelele. Niliwahi kuletewa mvulana wa mwaka mmoja na nusu aliyetolewa katika kidimbwi kisichofika magoti ya babake. Watu wazima wanne walikuwa barazani, hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna aliyesikia kitu, na mimi sikuwa na la kufanya.

Basi ikiwa kwako pana mtoto wa chini ya miaka mitano, awe wako, wa jirani au wa mfanyakazi, ngoja. Jenga kijito pekee, maji yapotelee katika changarawe na kuingia tangi lililofunikwa chini ya ardhi, pampu iyarudishe juu. Sauti utaipata na macho yatafurahi. Usiponisikia, zungusha ua wa mita 1.2 wenye lango linalojifunga lenyewe. Wengine hunijibu kwamba yaya yupo. Yaya huyo huyo anapika, anafua na kufungulia wageni mlango!

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala usimkamue tumbo. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, mpulizie pumzi 5, kisha bonyeza kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, ukiendelea hivyo bila kukoma huku mwenzako akitafuta gari. Kila mtu wa nyumba hiyo, yaya na mtunza bustani wakiwemo, ajifunze haya kwanza, ndipo mfungulie maji.