Tunajua Nani Anahamia Arsenal, Hatujui Nani Atafunza Gredi ya Tano Januari

Wasee wa Malindi, Watamu, Gede, Kilifi mpaka Mtwapa, nipeni dakika tano. Leo hakuna klipu ya kuchekesha. Nimekasirika, na mimi nikikasirika naandika.

Hebu fanya jaribio dogo. Nenda steji yoyote ya tuktuk, uliza kijana wa kwanza nani anatafutwa na Arsenal dirisha likifunguliwa Januari. Atakupa jina, umri, bei, mpaka mshahara wa wiki. Atakwambia Fabrizio Romano ameandika nini saa mbili zilizopita. Sasa muulize huyo huyo: mdogo wako anaingia gredi ya tano, nani atamfunza hesabu? Utaona anavyokuangalia. Hajui. Mamake hajui. Mtoto mwenyewe hajui. Na shule, ambayo pengine inajua, haisemi.

Nimefika hapa kwa sababu ya keki.

Siku ya kufunga shule muhula wa tatu nilimsindikiza mathe shuleni kwa dadangu mdogo. Shule ni ya serikali, jina nalihifadhi. Watu tumejaa chini ya mwarobaini, viti vya plastiki, jua la kaskazi linapiga bila huruma. Tukaambiwa kuna tangazo: mwalimu fulani anatuaga. Akaletwa mbele, akafungwa leso, akakatiwa keki, wamama wakapiga vigelegele. Kila mzazi alikuwa ametoa shilingi mia kwa hiyo zawadi. Picha zikapigwa. Mimi mwenyewe nikapiga, ndiyo kazi yangu.

Huyo ndiye mwalimu aliyemfunza dadangu kusoma. Si mchezo. Mtoto alikuwa anakariri picha za kitabu tu, huyu ticha akakaa naye wakati wa mapumziko mpaka maneno yakafunguka. Na hakuwa mwalimu wa TSC, alikuwa wa bodi, yaani mshahara wake unatoka mifukoni mwa wazazi, wakilipa. Amechoka kusubiri, amepata kazi kwingine. Simlaumu hata nukta moja.

Dadangu akainua mkono mbele ya watu wote. Akauliza, "Mwaka ujao nani atatufunza?"

Watu wakacheka, ile cheko ya kumwona mtoto mtundu. Jibu likatoka mbele: "Mungu atatupa mwingine." Tukaenda kula keki.

Jamani, Mungu ni Mungu, simchezei. Lakini hiyo si ratiba.

Nitawaambia kwa nini hilo swali lilinichoma. Nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa hesabu alihamishwa mwisho wa mwaka. Tulimwimbia, tukalia, tukaenda nyumbani. Januari tukafungua, hakuna mtu. Tukaambiwa tusubiri kidogo. Hicho kidogo kilimaliza muhula mzima na kipande cha wa pili. Monita alikuwa anaandika maswali ubaoni kutoka kwenye kitabu, tunanakili, tunajisahihishia wenyewe. Sehemu, asilimia, aljebra ya mwanzo, vyote vilipita hivyo. Hakuna mzazi aliyegombana na mtu, kwa sababu hakuna mzazi aliyejua. Sisi watoto tulidhani ndivyo shule zinavyokuwa.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu kubwa ilikuwa karo, nimeshasema na sitabadilisha hadithi nipate huruma. Ila kulikuwa na somo moja la takwimu nililifeli mara mbili, na kila nikikaa na lile karatasi nilikuwa nakwama palepale, kwenye sehemu na asilimia. Nilikuwa na miaka 20 na shimo la darasa la sita bado liko wazi. Kwa hiyo mtu akiniambia mwalimu kukosekana muhula mmoja ni jambo dogo, namwambia anakosea.

Sasa tuingie kwenye mitambo, kwa sababu hasira bila habari ni kelele.

Shule moja ya msingi ya serikali hapa kwetu inaweza kuwa na walimu wa mabosi watatu. Watoto wa PP1 na PP2 wako chini ya serikali ya kaunti, Katiba ya 2010 ndiyo iliyopeleka elimu ya chekechea huko. Kuanzia gredi ya kwanza mpaka ya tisa, mwajiri ni TSC, iko Nairobi. Halafu pale TSC inapoacha pengo, bodi ya shule inatafuta mwalimu na wazazi wanachangishwa. Ukuta mmoja, kengele moja, milango mitatu ya kugonga. Mzazi wa Bamba au Marafa hajui mwalimu wa mtoto wake ni wa mlango gani, na akipotea hajui akaulize wapi.

Walimu nao wamezungushwa kama gurudumu. Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha walimu mbali na kwao, wengine wakatenganishwa na familia zao. Wakalia, KNUT ikapinga, na mwaka 2023 wakaanza kurudishwa makwao. Kibinadamu ni sawa kabisa, hata mimi ningerudi. Lakini fikiria shule iliyokuwa inategemea walimu waliotoka mbali. Kila anayerudi kwao anaacha kiti kitupu kwa wengine. Nani aliwaambia wazazi ni viti vingapi vitabaki wazi, na lini vitajazwa?

Mwaka huohuo wa 2023 gredi ya saba ikawekwa ndani ya shule za msingi, ikafuata ya nane, na Januari 2025 ya tisa. Watoto wameongezeka kwenye boma lilelile. Wengi waliopelekwa kufunza hawa wakubwa walikuwa walimu wa mkataba, wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mtu na digrii yake. Aprili 2024 mahakama ya kazi ikasema TSC inavunja sheria kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa mtindo huo. Wakagoma, masomo yakasimama. Mwisho wake Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa kazi ya kudumu, na papo hapo wengine 20,000 wakachukuliwa kwa mkataba kama ule wa mwanzo. Kwa hiyo usiniambie mambo ya walimu hayatabiriki kama mvua. Mikataba ina tarehe ya kuisha. Mtu wa miaka 60 anastaafu, na miaka yake iko kwenye faili. Uhamisho una barua. Mengi ya haya yanajulikana kabla ya keki kuagizwa.

Najua majibu mnayopenda kunipa, tuyapitie moja moja.

La kwanza: "Mwalimu mkuu hana uwezo, TSC ndiyo inaamua." Kweli kabisa, na ndiyo sababu ninataka aseme. Kama aliomba walimu wanne akapata mmoja, asimame chini ya mwarobaini atuambie: niliomba wanne, nimepata mmoja, darasa hili na hili halina mtu. Hapo hasira yetu itajua pa kwenda. Akinyamaza, anabeba lawama ambayo si yake, na walio juu yake wanalala usingizi mtamu. Mwalimu mkuu anayeficha pengo anaisitiri serikali bila hata kulipwa kwa hiyo kazi.

La pili: "Hayo ni mambo ya ofisi." Hapana, bwana. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza imekuwepo tangu 2016. Shule ya serikali ni ya serikali. Sijaomba kujua mwalimu anaumwa nini au kwa nini ndoa yake imemhamisha. Hayo ni yake. Nimeomba kujua kama darasa lina mtu.

La tatu, hili linaniudhi kuliko yote: "Shule ni ya bure, mnataka nini zaidi?" Bure ilikuja Januari 2003, na serikali imekuwa ikihesabu shilingi 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, wanangu. Kuna watu hapa Malindi wanamaliza hiyo kwa pizza moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya serikali kutoza karo ya masomo, na inasema mtoto asifukuzwe kwa kukosa michango. Lakini mathe wangu ametoa pesa ya mwalimu wa bodi kila mwezi. Tukishaanza kumlipa mwalimu, hatuwezi kuambiwa ni wageni kwenye habari zake.

Na tukizungumza walimu wa bodi, hapa hata sisi wazazi na ndugu tuna dhambi. Tuseme shule ina watoto 300 na kila mmoja anatakiwa kutoa shilingi mia kwa mwezi. Hiyo ni 30,000, walimu watatu wa 10,000 kila mmoja. Sasa nusu ya wazazi wasilipe, na wengi si kwa ubaya, mnazi haujalipa, bahari imechafuka, watalii hawajaja. Walimu watatu wanagawana 15,000. Desemba hawalipwi, shule imefungwa. Januari hawajui kama wataitwa. Halafu tunashangaa wanaondoka, tunawafunga leso na kuwaombea dua. Mtu uliyemlipa nusu mwaka mzima hahitaji keki, anahitaji deni lake.

Kwa hiyo nataka nini? Karatasi moja. Si ripoti, si kamati, si semina ya hoteli Casuarina. Karatasi moja siku ya kufunga shule, yenye mistari mitano:

Walimu gani wanaondoka, na lini.
Nani anakuja, au nafasi iko wazi na iliombwa lini.
Kila darasa lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja.
Walimu wa bodi ni wangapi, wanalipwa kiasi gani, wanadaiwa kiasi gani.
Januari darasa lisilo na mwalimu litasimamiwa na nani mpaka apatikane.

Ibandikwe mlangoni kwa ofisi. Ipigwe picha iingie kwenye kundi la WhatsApp la darasa, lile lile mnalotumia kukumbushana michango. Na isomwe kwa sauti kwenye mkutano, Kiswahili na Kigiriama, kwa sababu kuna nyanya wanaolea wajukuu na hawana simu ya kusoma picha. Gharama yake ni karatasi na wino. Kuna shule ambazo tayari zinasimama na kuwaambia wazazi ukweli wote, na hizo nazipigia saluti. Zinaonyesha inawezekana.

Mtaniambia karatasi haileti mwalimu. Ni kweli, haileti. Lakini fikiria shule 20 za Ganze, au Magarini, au Malindi, kila moja imebandika pengo lake. Mtu mmoja akizunguka na pikipiki anaweza kujumlisha kwa siku mbili tatu. Hiyo jumla ukimwekea mbunge mezani akija kukata utepe wa darasa jipya, hawezi tena kupiga picha na kuondoka. Atapewa swali: darasa umejenga, asante, ndani anaingia nani? Saa hii hatuwezi kuuliza kwa sababu kila mzazi anadhani pengo ni la shule yake peke yake.

Na sisi vijana tusijifanye hatuhusiki ati hatuna watoto. Tuna wadogo zetu. Tuna simu, tuna bando, tuna muda wa kubishana kuhusu kocha wa timu ambayo haijui tupo. Kuuliza si ujinga. Wiki ya kwanza ya Januari, kabla mathe hajaenda kulipa chochote, nenda naye. Vaa vizuri, salimia vizuri, shikamoo ya kweli. Usirekodi watoto, usimtukane mwalimu, wengi wao wamebeba kuliko uwezo wao. Uliza tu hiyo mistari mitano, andika majibu, na wakikwambia hawajui, andika hivyo pia.

Mimi naenda. Dadangu ameshanichagulia shati. Swali lake aliloliuliza chini ya mwarobaini bado halijajibiwa, na safari hii litaulizwa na mtu mzima, ili nione kama watacheka.