Mhudumu wa afya amefika mlangoni, dawa je?

Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na mtaa.

Kwa asiye na nauli, faida ipo. Mhudumu ni jirani: anamwona mapema mjamzito mwenye dalili za hatari, na anayekohoa wiki mbili anamhimiza akapime kifua kikuu.

Lakini mhudumu si daktari. Kazi yake kubwa ni elimu na rufaa. Mgonjwa akifika zahanati akaambiwa dawa hakuna, kanunue dukani, safari nyingine haendi.

Basi kwenye mkutano wa kijiji tuulize yote mawili: wahudumu wetu ni akina nani, na dawa zipo?