Kalamu na Karatasi kwa Mama Mwenye Mawazo

Mwezi huu azima penseli ya mtoto wako, maana tutaihitaji.

Sisi wauguzi wa pwani hii ya Bagamoyo huwapokea akina mama wanaosema, "Kichwa kinauma, sipati usingizi, moyo unakwenda mbio." Tunapima malaria, hakuna. Tukikaa naye kidogo ndipo yanatoka: ada ya shule, mume aliye mbali, deni. Mawazo nayo huumiza mwili.

Kule Mlingotini tulimtembelea mama mmoja mkulima wa mwani, ambaye ameturuhusu tusimulie bila jina. Maji ya bahari yalipata joto, mwani wake ukafia kwenye kamba, na mkopo wa kikundi ulikuwa unamngoja. Tulikwenda na maneno mengi ya faraja, hakuyasikia. Mtoto wake alikuwa akichora sakafuni. Tukaomba karatasi moja, tukamwambia, "Mama, hebu tuonyeshe huo mzigo."

Akacheka. "Mimi? Sijui kuchora."

Lakini alichora. Mistari ya kamba, mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi ikajaa. Pembeni akaweka mtu mdogo sana. "Huyu ni mimi," akasema, na machozi yakamtoka. Tulinyamaza naye. Deni halikupungua siku ile, ila usiku alilala. Wiki iliyofuata alimwendea mwenyekiti wa kikundi, akaomba kulipa kidogo kidogo, akakubaliwa. Nasi tulijifunza kupunguza maneno.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 vifaa vya sanaa kwa dakika 45. Walipopima mate yao, kwa robo tatu hivi, kotisoli, yaani kemikali ambayo mwili huitoa tukiwa na wasiwasi, ilikuwa imepungua. Hata wasiozoea kuchora walinufaika.

Bibi zetu hawakuhitaji kipimo. Wakiwa barazani wanasuka ukili, macho kwenye miyaa, maneno mazito yalitoka yenyewe. Mkono ukifanya kazi ya polepole, pumzi hutulia na moyo hufunguka.

Jaribu hivi jioni, watoto wakilala:

1. Tenga dakika 15. Karatasi yoyote yafaa, hata nyuma ya daftari lililokwisha. Kama huna, chukua kijiti uchore mchangani.

2. Chora duara. Lijaze mistari au mawimbi polepole, ukivuta pumzi na kuitoa.

3. Kisha chora mzigo wako ulivyo. Usijali uzuri, hakuna mwalimu wa kusahihisha.

4. Mwisho, chora anayeweza kukusaidia kuubeba: dada, jirani, mama wa jumuiya. Kesho mwendee.

Mchoro ni wako. Ukitaka, uonyeshe, usipotaka, uchane. Na sisi wa kanisani tusidai kuuona, wala tusiufanye hadithi ya kisimani.

Lakini tuseme kweli: penseli si dawa ya kila kitu. Anayetumia vidonge vya presha asiviache. Kama huzuni imezidi wiki mbili, kama umejifungua na huna hamu hata ya kumshika mtoto, au ukiwaza kufa, nenda kituo cha afya leo, usingoje. Na kama mawazo yako yanatokana na kipigo, usiyachore tu na kunyamaza. Mwambie muuguzi, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Kuomba msaada si upungufu wa imani.

Mama, wewe hushona sare za wote nyumbani na kuchonga penseli za wote. Leo chonga moja iwe yako.

Mungu akupe usingizi mwema. Tuonane mwezi ujao.