Mambo ya Nyumbani: Mama Apitiwaye na Mkojo Usiku

Habari ya leo watu huona haya kuitaja, na kwa sababu ya haya hiyo wengi huteseka bure.

Mama mmoja mtu mzima aliacha kwenda kulala kwa wanawe, nao wakadhani amekasirika. Siku moja mkaza mwana wake alimkuta alfajiri akifua shuka, watu hawajaamka. Ndipo akamwambia kwa sauti ndogo ya kuwa tangu adhuhuri hanywi hata maji, na bado usiku hulowa.

Basi, kujinyima maji si dawa. Mkojo mzito hukiwasha kibofu, nacho hutaka kujimwaga upesi zaidi. Mama na anywe maji ya kutosha mchana, apunguze katika muda wa saa mbili kabla ya kulala, na jioni aache chai kali na kahawa. Ikiwa miguu yake huvimba, alasiri aketi ameiinua. Asipofanya hivyo, akilala maji yale hurudi katika damu na kuwa mkojo wa usiku. Choo kigumu nacho hukisonga kibofu. Na akiwa anatumia dawa ya kuongeza mkojo, amwulize daktari saa ya kuimeza, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Mara nyingine kosa si la kibofu, ni la njia. Choo ki mbali, giza ni nene, magoti yanauma. Hata kijana angechelewa! Yule mkaza mwana aliweka ndoo yenye kifuniko na tochi kando ya kitanda. Juu ya godoro alitandika mpira, na juu yake kanga kuukuu zilizokunjwa, ili zikilowa ziondolewe hizo tu. Asubuhi mavyaa huoga, hujikausha vizuri, hujipaka mafuta ya mgando ngozi isichubuke. Na neno la “kikojozi” halitajwi nyumbani mle, hata na watoto.

Liko na zoezi, nalo lamfaa hasa mama ambaye mkojo humtoka akikohoa au akiwahi choo. Abane misuli ya chini kama azuiaye mkojo, ahesabu mpaka 5, baadaye mpaka 10, kisha ailegeze kwa kadiri ileile. Afanye mara 10, na hivyo mara tatu kila siku, ila si wakati wa kukojoa. Asikate tamaa upesi. Faida yaweza kukawia miezi 3.

Walakini aende hospitali mkojo ukichoma, ukiwa na damu, au akishikwa na homa. Kiu nyingi pamoja na kukonda huenda ikawa kisukari. Na miguu ikilegea ghafula, asingoje hata kesho.

Tena yuko mwanamke ambaye mkojo humvuja mchana na usiku tangu uchungu mrefu wa kuzaa. Huyo ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Zoezi halitaliziba, wala hakurogwa. Hospitali ya CCBRT mjini Dar es Salaam imewapasua wengi wa namna hiyo wakapona. Mwalimu amjuaye mmoja kijijini kwake na aende kwanza kwa mumewe na mama yake, awaeleze kwa upole, kisha awasaidie kutafuta nauli.