Maktaba ya Bure Ina Mwenyewe

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wanaounda programu: kwamba maktaba ya msimbo ikishawekwa wazi kwenye intaneti, imekuwa mali ya kila aliyeiona. Ipakue, ipachike kwenye kazi yako, futa jina la aliyeiandika, uza. Nani atauliza? Imani hiyo ni ya uongo, na anayeieneza anawaponza wenzake.

Orange, kampuni kubwa ya simu ya Ufaransa, iliulizwa. Katika kazi ya kujenga tovuti ya huduma za serikali ilitumia Lasso, maktaba ya kuthibitisha utambulisho wa watumiaji, iliyoandikwa na kampuni ndogo ya Entr'Ouvert. Lasso ilikuwa na milango miwili: leseni ya GPL kwa aliye tayari kutoa naye msimbo wake, na leseni ya kulipia kwa asiye tayari. Orange ilitaka kupita bila kutimiza sharti la mlango wowote. Kesi ikafunguliwa 2011. Entr'Ouvert wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena, wakaenda mahakama ya juu kabisa. Mwaka 2022 hukumu ikatenguliwa, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaiamuru Orange ilipe zaidi ya euro 600,000.

Wengine hujitetea kwamba kisichouzwa hakimtii mtu hasara. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilikwisha kuikataa hoja hiyo mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen na Katzer: masharti ya leseni huria yana nguvu ya kisheria hata kama hakuna senti iliyolipwa.

Na masharti yenyewe si mzigo. Leseni ya MIT inataka ubakize tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni, basi. LGPL inakuruhusu kuitumia maktaba ndani ya programu uliyoifunga, mradi ukiisambaza utoe mabadiliko uliyoyafanya kwenye maktaba hiyo, na mteja aweze kuweka toleo lake jingine. GPL ndiyo kali: ukisambaza programu, anayeipokea ana haki ya kupata msimbo wake wote. Ukali huo ndio uliofanya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G utolewe mwaka 2003, na juu yake ikajengwa OpenWrt, programu huria ya ruta inayotumika hadi leo.

Hatari kubwa ni msimbo usio na leseni kabisa. Wengi hudhani huo ndio huru kuliko yote, kumbe hauna ruhusa hata moja. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania zinalinda programu za kompyuta, na mwandishi halazimiki kusajili chochote ili alindwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo orodhesha kila maktaba uliyoitumia pamoja na leseni yake, tena uisome leseni kabla ya kumpelekea mteja kazi. Usipoikuta, mwandikie mwenyewe umwombe ruhusa. Asipojibu, tafuta maktaba nyingine.