Wanja wa mtoto na damu yake

Wazazi wa Karatu wametuuliza iwapo kuna haja ya kumpima mtoto mzima, anayekula na kucheza, kuangalia kama ana metali nzito mwilini, hususan madini ya risasi. Twasema haja ipo, kwani risasi ikiwa kidogo haimlazi mtoto kitandani. Huingia katika damu, ikahamia mifupani na menoni ikakaa miaka mingi, huku ikipunguza uwezo wa ubongo kujifunza na kutulia. Mtoto huinyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na akipungukiwa madini ya chuma huzidi. Jicho la mama haliyaoni hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango kilicho salama, na mwaka 2021 lilielekeza kwamba mtoto akifikia maikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mji wetu ni njia ya magari ya watalii waendao Ngorongoro, na kwenye gereji hazikosi betri mbovu. Baba anayezishika avue nguo za kazi na kunawa kabla hajambeba mtoto.

Lakini lililotufanya tushike kalamu ni wanja. Mtoto mchanga hupakwa machoni na kwenye nyusi, na mwenye kuhoji huambiwa anapinga Sunna. Ithmidi tunaiheshimu. Hilo ni jiwe la antimoni, na si kila kiuzwacho kwa jina hilo ni lenyewe. Wanja mwingi sokoni husagwa kutokana na galena, jiwe la risasi na salfa, nalo ni jeusi na la kumetameta vilevile. Wanja uliopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa na risasi inayozidi nusu ya uzito wake. Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole kinywani. Hatuoni vipi Sharia inayokataza madhara itumike kutetea unga wa namna hiyo, hata kama muuzaji ameuleta kutoka Makka.

Atakayempima mtoto amwombe daktari damu ya mshipani. Tone la kidoleni laweza kuchanganyika na vumbi au wanja ulioko mkononi, likatoa jibu la juu lisilo la kweli. Likiwa juu, lirudiwe kwa damu ya mshipani. Nywele zisitumike kupima risasi. Nao wanja wenyewe hupimika: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha. Kwa hiyo kichupa kisitupwe, kifungwe na kuwekwa mbali na watoto, na hadi majibu yaje, aliyezaliwa wiki hii afanyiwe akika yake bila wanja.