KODI HAICHELEWI, KWA NINI BAJETI ICHELEWE?

Juma hili twaandika juu ya jambo linalomgusa kila mwenye nyumba na kila mpangaji wa Nyakanazi. Nalo ni kodi ya majengo inayopanda, na bajeti ya halmashauri ambayo fedha zake huja kwa kusuasua.

Wasomaji wetu wanaijua Nyakanazi. Njia ya Kahama na njia ya Kigoma zakutana hapo. Mbele kidogo, Lusahunga, njia yagawanyika, moja kwenda Biharamulo na Bukoba, nyingine kwenda Ngara na mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya mizigo yapita usiku na mchana. Laini kubwa za umeme za kilovolti 220, kutoka Geita na kutoka maporomoko ya Rusumo, zimefika hapo. Mahali pa namna hii hapakosi kukua, na panapokua watu hujenga.

Lakini umeme ulipoingia ndani ya nyumba, kodi nayo ilipata mlango wa kuingilia. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo yakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000. Kwa miaka miwili tu kodi iliongezeka kwa nusu yake. Kwa nyumba za ghorofa mijini, kila sakafu ilitoka 5,000 ikafika 7,500 kwa mwezi.

Wako watakaosema: shilingi 1,500 ni kitu gani? Ni shilingi 50 kwa siku! Sisi hatubishani na hesabu hiyo. Nchi huru haijengwi kwa maneno. Yajengwa kwa kazi na kwa kodi. Anayetaka zahanati, shule na maji, naye hataki kutoa senti, huyo anataka kubebwa na wenzake. Wanachama wetu wailipe kodi hii, wala wasitafute njia za kuikwepa.

Twauliza jambo jingine. Kodi hii haina likizo. Haingoji kikao, haingoji kibali, haingoji mwaka wa fedha uishe. Mama lishe akinunua umeme wa shilingi elfu tano jioni ya leo, kodi imekwisha katwa kabla taa haijawaka. Ikiwa Serikali imepata ufundi wa kuchukua haraka namna hiyo, imekosa ufundi gani wa kurudisha?

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Kodi ya nyumba ni mzigo wa zamani katika nchi hii. Wajerumani waliianzisha mwaka 1898, na boma lao pale Biharamulo lingali limesimama kama ushahidi wa utawala ule. Waingereza walipokuja waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Babu zetu hawakuichukia kodi ile kwa sababu ya wingi wa fedha peke yake. Waliichukia kwa sababu ilichukuliwa na mtu wasiyemchagua, ikaenda mahali wasipopajua, wala hapakuwa na siku ya kuulizana hesabu. Tulipodai Uhuru tulidai na siku hiyo ya kuulizana hesabu.

Hata baada ya Uhuru njia haikunyooka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, mambo ya maendeleo yakawekwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Bunge lilipitisha sheria za kuzirudisha, na mwaka 1984 zikaanza tena kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1984 kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. Leo Katiba yetu, katika Ibara ya 146, yaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini madaraka bila mfuko ni jina tu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ambayo watu waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa, na wananchi walishangilia kwa haki kabisa, maana watu walikuwa wakikimbizwa porini na mgambo kwa ajili yake. Mwaka 2016 kodi ya majengo nayo iliondolewa katika halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Punguzo hili nalo lilimfaa mkulima. Hata hivyo kila mara mfuko wa halmashauri ulipungua, na kila mara halmashauri ilizidi kutegemea mgao wa Hazina. Ndiyo sababu bajeti ya wilaya yaweza kupitishwa na madiwani kwa mikono yote juu, kisha ikakaa ikingoja.

Na kungoja huku kuna hasara ambayo haionekani katika vitabu. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai. Kwetu huku miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo kiangazi. Ndiyo miezi ya kufyatua tofali, kuchimba msingi na kuchonga barabara. Fedha ikifika Julai au Agosti, kazi yafanyika. Ikifika Machi mvua zinanyesha, lori la mchanga lanasa, na mfuko wa saruji waganda stoo. Ikifika mwezi Juni hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu fedha ambayo haikutumika hadi tarehe 30 hukoma, mpaka kiombwe kibali cha kuibakiza. Hivyo fedha iliyochelewa yaweza kuhesabiwa kwamba ilitolewa, hali wananchi hawakuona hata tofali moja. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameeleza mara nyingi katika ripoti zake kwamba halmashauri hupata fedha za maendeleo pungufu au kwa kuchelewa. Hatusemi neno jipya. Twarudia lililokwisha andikwa na Serikali yenyewe.

Tupige hesabu ndogo. Mji wenye nyumba 1,000 za kawaida zenye umeme, kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2023, watoa shilingi 18,000,000 kwa mwaka. Fedha hiyo haijengi hospitali. Lakini yachimba mitaro ya maji ya mvua, yatengeneza choo cha stendi, yaondoa taka sokoni. Haya ndiyo mambo ambayo kodi ya majengo katika kila nchi yakusudiwa kufanya, maana nyumba haihami, na mwenye nyumba atarajia mtaa wake utunzwe.

Liko pia jambo la haki kati ya mtu na mtu. Sheria yamdai mwenye nyumba, lakini mita yamkata anayenunua umeme. Katika mji wa njia panda kama Nyakanazi wapangaji ni wengi: wenye vibanda, mafundi wa magari, vijana wa bodaboda. Mpangaji anakatwa kodi ya nyumba isiyo yake, na akimwambia mwenye nyumba wapatane katika pango, huenda akaonyeshwa mlango. Tena kiwango ni kimoja. Mjane mwenye vyumba viwili vya tofali na tajiri mwenye nyumba ya kulala wageni yenye vyumba ishirini, maadamu haina ghorofa, wote wahesabiwa nyumba ya kawaida. Hii si haki, wala haiwezi kuitwa usawa.

Kwa hiyo twatoa shauri letu waziwazi. Kwanza, kodi ya majengo iliyokatwa mahali fulani, sehemu yake inayojulikana irudi mahali hapo katika tarehe inayojulikana, kama inavyokatwa katika tarehe inayojulikana. Pili, fedha za maendeleo zilizopitishwa kwa wilaya za namna yetu zifike mapema katika kiangazi, wakati zinapoweza kufanya kazi. Tatu, mpangaji apewe njia nyepesi ya kudai alichokatwa, bila kutegemea huruma ya mwenye nyumba. Nne, kodi isipandishwe tena kabla wananchi hawajasomewa ile ya kwanza ilifanya nini.

Kwa madiwani twasema hivi: ninyi hamkuchaguliwa kuidhinisha makaratasi. Bajeti ikichelewa, waelezeni watu imekwama wapi, ofisi gani, tangu tarehe gani. Mwananchi akiambiwa kweli huvumilia. Akifichwa hunung'unika, na manung'uniko ndiyo yanayobomoa umoja wetu.

Na kwa wanachama twasema hivi: msilie vijiweni. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji yapasa ukutane kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Je, wangapi kati yetu huhudhuria? Wengi wetu tukisikia mbiu ya mkutano twasema tuna kazi, kisha twashangaa mambo yakiamuliwa na watu kumi na watano. Anayelipa kodi naye haendi kuuliza hesabu, amegawa mali yake mwenyewe.

Mkutano ujao utakapoitishwa, nendeni. Chukueni karatasi mliyoandika mlichokatwa tangu Julai, mwezi kwa mwezi. Simameni kwa adabu, ulizeni kwa sauti: sisi tumetoa kiasi hiki, kimerudi kiasi gani, na lini? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Lisipopatikana siku hiyo, ulizeni tena baada ya miezi mitatu.